Keti, Ni Hewa Tu

Minneapolis, Februari

Mama, na nyote wa Timboroa mtakaosomewa barua hii,

Salamu kutoka kwenye baridi inayofanya ile yetu ionekane mchezo. Mimi ni mzima. La, ngojeni, nimeshaanza uongo wa kila Jumapili. Miaka minne nimekuwa nikiwaambia "mzima", halafu nakata simu na kukaa kwenye sakafu ya bafu mpaka mikono iache kutetemeka.

Ilianza usiku mmoja kazini, kwenye makao ya wazee. Nilikuwa nambadilishia bibi mmoja shuka. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, koo likaziba. Nikajua nakufa, na kilichoniuma zaidi ni mchango ambao mngechanga kuusafirisha mwili wangu. Hospitalini wakanibandika nyaya kifuani, wakanitoa damu, wakasema moyo hauna kasoro. Nilirudi mara tatu zaidi. Mara ya mwisho daktari kijana akanipa karatasi ya maswali saba. Wiki mbili hizi, ni mara ngapi umeshindwa kuyazuia mawazo? Ni mara ngapi umeogopa kana kwamba jambo baya linakuja? Kila jibu lina alama, 0 hadi 3, na ukifika 10 daktari anavuta kiti. Mimi nilipata 17 kati ya 21.

Nikamwambia, kwetu huo ni wasiwasi tu, na mwenye wasiwasi huambiwa ajikaze. Akauliza, "Umejikaza miaka mingapi?"

Vidonge alivyonipa havikufanya miujiza. Wiki ya kwanza niliona afadhali ya jana. Nilianza kulala mnamo wiki ya tano. Kilichonishangaza ni mshauri niliyepelekwa kwake. Alinipa mrija wa soda, akaniambia nizibe pua nipumulie humo dakika moja. Nilihema kama kondoo aliyekimbizwa na mbwa. Ndivyo alivyotaka: mwili ujionee wenyewe kwamba kuhema si kufa.

Nikacheka, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kwamba reli ya kwetu inapita zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na mgeni wa Mombasa akishuka matatu pale stejini, akabeba gunia la waru, yaani viazi, hatua kumi tu, anashika kifua, macho yamemtoka. Wauza waru humwambia, "Keti, ni hewa tu, itapita." Anaketi, inapita. Huku kuambiwa hivyo kunalipiwa kwa dola.

Lakini yangu haikuwa hewa tu. Mshauri aliniuliza mara ya kwanza kuogopa hivyo nilikuwa wapi. Nikasema Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Nilikuwa na miaka 13, tumelala na viatu miguuni, Baba amezima taa, tunasikiliza barabara ya kutoka Burnt Forest. Sitafukua mengine, maana majirani wa pande zote wataisikia barua hii. Nasema tu kwamba tulijifunza kusikiliza usiku, na wengine hatujaacha.

Mama, ndiyo maana nakuandikia. Ile alsa yako ambayo kamera ya tumboni haikuiona. Presha inayopanda ukiwa kwenye foleni na kushuka ukifika nyumbani. Kukaa macho mpaka lori la mwisho lipite kuelekea Malaba. Sijui kama ni ugonjwa huu, mimi si daktari, na tumbo liendelee kupimwa. Ninachoomba ni uulizwe na wewe yale maswali saba.

Najua unaogopa nini. Hospitali ya akili ya Mathari ilifunguliwa 1910, na mpaka leo jina lake ni tusi la watoto shuleni. Lakini Hospitali ya Rufaa ya Moi, hapo Eldoret, ina kliniki ya afya ya akili. Mtu anatoka na matatu ya asubuhi na kurudi na ya jioni, kama aliyekwenda kununua mbegu. Na wewe Mchungaji, endelea kuniombea, nashukuru. Ila usimwambie yeyote kwamba amekosa imani. Ningali naimba kwaya.

Huko Harare, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi na watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuta kwamba waliokaa nao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nilipousoma niliwaona akina mama wa waru pale barabarani, kila mmoja na kigoda chake na blanketi magotini, wakisubiri basi lisimame.

Mama, nimetuma nauli ya watu wawili kwa M-Pesa, kwa sababu Shangazi ameninong'onezea kwamba naye halali. Nendeni pamoja. Na Jumapili nikipiga simu, usinijibu kwamba u mzima mpaka nikuulize mara ya pili.

Mwanao