Bustani ya Marehemu Haihifadhiwi kwa Sifa Peke Yake

Katika miji ya kaskazini mwa Marekani, mtunza bustani akifariki wakati wa baridi, hosta zake huwa zimelala ardhini, na hakuna jani hata moja linaloonekana. Majira ya kuchipua yanapofika huinuka zenyewe mahali palepale alipozipanda, na kufikia mwezi wa Juni majirani huja kuzitazama. Huyasifu majani, hupiga picha, humtaja marehemu kwa wema, kisha hurudi makwao. Desturi hiyo ina heshima yake, lakini haitoshi. Ushahidi wa kutotosha kwake unapatikana katika maisha ya mwanamke mmoja aliyependa hosta kuliko wengi, Frances Williams wa Winchester, Massachusetts, aliyefariki mwaka 1969.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki huenda hajawahi kuiona hosta. Asili yake ni Japani, Korea na Uchina. Maua inayo, meupe au ya zambarau hafifu, ila wakuzaji huitafuta kwa ajili ya majani yake: mapana kama sinia dogo au membamba kama ulimi, ya kijani, ya samawati iliyofunikwa na nta, ya manjano, ama yenye ukingo wa rangi nyingine kabisa. Hustawi kivulini, mahali ambapo waridi lingekonda. Huongezeka kwa machipukizi yanayotoka pembeni, mithili ya mgomba, na ndiyo maana mtu huweza kuligawa shina lake kwa sepetu na kumpa jirani kipande. Jambo moja huizuia isihamie Dar es Salaam au Mombasa: huhitaji majuma mengi ya baridi ili ilale, na isipolala hudhoofika mwaka hadi mwaka.

Williams alihitimu katika Massachusetts Institute of Technology mwaka 1904, akiwa amesomea usanifu wa mandhari, fani iliyokuwa na wanawake wachache sana. Mwaka 1936, alipokuwa akitembea kati ya safu za Hosta sieboldiana katika kitalu cha Bristol, jimboni Connecticut, aliona mche mmoja usiofanana na wenzake. Majani yake ya samawati yalikuwa na ukingo mpana wa manjano, usionyooka, kana kwamba mchoraji aliyapitishia brashi akiwa na haraka. Aliuchukua, akautunza, akaugawa. Baadaye alipeleka kipande chake katika Bustani ya Mimea ya Oxford, Uingereza. Huko mmea ukastawi, jina lake likasahaulika. Msimamizi wa bustani alikumbuka jambo moja tu, yaani jina la aliyeutuma, akaamua kuuita kwa jina hilo. Hosta 'Frances Williams' ilipokuja kusajiliwa rasmi mwaka 1986, mwenyewe alikuwa kaburini kwa miaka 17. Kwa muda mrefu imekuwa miongoni mwa hosta zinazopendwa zaidi duniani, hata kama ukingo wake mzuri una tabia ya kuungua na kugeuka kahawia mapema katika msimu, kero ambayo wapenzi wake huivumilia kama watu wanavyomvumilia shangazi mwenye maneno makali.

Kisa cha Oxford husimuliwa kama bahati njema. Ukitazamwa vizuri, ni mkasa wa kibandiko kilichopotea. Mmea ulivuka bahari ukiwa na jina, ukafika, na jina likaanguka njiani. Ulinusurika kwa sababu Williams alikuwa mtu wa kumbukumbu: aliipa mimea yake namba, aliandika ilikotoka, na aliwaandikia barua wakuzaji wengine akiwaeleza alichoona na alichowatumia. Baadaye watu walipotaka kujua mmea huu ni upi hasa, kulikuwa na maandishi ya kurejea. Wako watunza bustani wengi waliokuwa na jicho kama lake. Waliokuwa na daftari kama lake ni wachache, na ni daftari hilo linalostahili sifa kubwa kuliko jicho.

Watumishi wa afya wana sababu ya kulifuatilia jambo hili, kwa kuwa hosta ililetwa Ulaya na watu wa taaluma yao. Wa kwanza kuichora kwa ajili ya wasomaji wa Magharibi alikuwa Engelbert Kaempfer, daktari wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Indies, aliyekaa katika kisiwa cha Dejima, Nagasaki, kati ya 1690 na 1692. Carl Peter Thunberg, daktari Mswidi, alifika hapohapo mwaka 1775. Philipp Franz von Siebold, daktari Mjerumani, aliwasili mwaka 1823, akawafundisha Wajapani udaktari wa Ulaya, na akafukuzwa nchini mwaka 1829 kwa kosa la kumiliki ramani zilizokatazwa. Aliondoka na shehena ya mimea hai, na jina lake limebaki katika Hosta sieboldiana, spishi ileile ambamo Williams aliuona mche wake. Neno hosta lenyewe linatokana na Nicholas Thomas Host, tabibu wa mfalme wa Austria, aliyeheshimiwa hivyo mwaka 1812. Miaka mitano baadaye mtaalamu mwingine aliuita mmea huohuo Funkia, kwa heshima ya mfamasia Heinrich Christian Funck. Ubishi wa tabibu na mfamasia uliamuliwa kwenye mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna mwaka 1905, tabibu akashinda, ijapokuwa Wajerumani hadi leo huendelea kumpendelea mfamasia katika mazungumzo ya kawaida.

Madaktari hao walijifunza mimea kwa sababu dawa zilitoka humo, na kosa la jina lingeweza kuua. Hatari hiyo haijapita. Huko Japani machipukizi machanga ya hosta ni mboga iitwayo urui, yenye mlenda kidogo kama bamia. Porini machipukizi hayo hufanana na yale ya Veratrum, mmea wenye sumu kali unaoota katika maeneo hayohayo. Aliyekosea hutapika, shinikizo lake la damu hushuka, na mapigo ya moyo hupungua hadi akahitaji kukimbizwa hospitali. Mamlaka za afya za nchi hiyo huwaonya wananchi kila mwaka, na bado wagonjwa hupokelewa. Hata hosta halisi si chakula cha kila kiumbe: ina saponini, ambazo huwatapisha mbwa na paka wanaoitafuna.

Kuna hatari nyingine, inayotokana na kugawana. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waligundua kirusi kinachoishambulia hosta, kikaitwa kirusi X cha hosta. Mmea ulioambukizwa hutoa mabaka na michirizi inayofuata mishipa ya jani, mfano wa wino uliomwagika kwenye karatasi mbichi. Kabla tatizo halijaeleweka, baadhi ya mimea hiyo iliuzwa kama aina mpya zenye majina ya kuvutia. Afadhali isemwe waziwazi: watu walilipa fedha nzuri kununua ugonjwa, wakaupanda katikati ya mimea yao mizima, wakawaita wageni waje kuustaajabia. Kirusi hakimhitaji mdudu wa kukisafirisha. Hubebwa na utomvu uliobaki kwenye kisu, kwenye sepetu, kwenye mkasi, hata kwenye vidole. Mmea unaweza kukaa mwaka au zaidi ukiwa nacho bila dalili yoyote. Dawa hakuna, shina zima hung'olewa na mizizi yake yote na kutupwa.

Muuguzi yeyote anayesoma maelezo hayo ataona yanafanana na mambo anayoyajua wodini: mbebaji asiye na dalili, kifaa chenye ncha kilichotumika kwa zaidi ya mmoja, mkono usionawa, na zawadi iliyotolewa kwa moyo mweupe. Hapo ndipo sifa zinazomiminwa juu ya bustani ya marehemu zinapoweza kuidhuru. Jamaa na marafiki hufika siku ya kugawana, kila mmoja akitaka kumbukumbu yake. Kisu kimoja hupita kutoka shina la kwanza hadi la hamsini. Vibandiko hutolewa ili visisumbue, ama huachwa ardhini kwa kuwa kila mtu anaamini atakumbuka. Jioni, mkusanyiko uliochukua miaka 40 kujengwa huwa umekuwa mifuko ya plastiki isiyo na majina, na kama kulikuwa na shina moja lenye kirusi, limeshasambazwa mtaa mzima.

Wapo wanaosema kwamba bustani ni mali ya mtu na ina haki ya kufa naye, na kwamba kuigeuza kuwa makumbusho ni kuwatwika warithi mzigo wasiouomba. Hoja hiyo ina uzito. Mwana anayefanya kazi zamu mbili hapaswi kulaumiwa kwa kushindwa kupalilia aina 200 za hosta. Hata hivyo, hoja hiyo huchanganya kutunza na kukumbuka. Hakuna anayemtaka mrithi akae na mimea yote. Linalotakiwa ni kwamba anayekuja kuchukua kipande achukue pamoja nacho jina, mahali kilipotoka na mwaka wa kupandwa, na kwamba kisu kisuguliwe kwa sabuni hadi utomvu uishe, kisha kitakaswe, kabla ya kugusa shina linalofuata. Mmea wenye mabaka ya kutiliwa shaka upimwe kwanza. Vipo vijiti vya kupimia vinavyotoa jibu kwa dakika chache. Kazi hiyo humalizika siku moja au mbili, na wanaoifanya hawahitaji shahada.

Iliyo ngumu zaidi ni kazi inayotangulia, nayo humhusu mgonjwa angali hai. Bustani hutajwa mno siku hizi kama tiba, mara nyingine kwa kutiliwa chumvi. Uchunguzi unaotajwa mara nyingi zaidi ni ule wa Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science. Aliwalinganisha watu waliopasuliwa ili kuondolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, akaona kwamba waliolazwa vyumba vinavyotazama miti walitoka mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Wagonjwa walikuwa 46. Ni matokeo ya kutia moyo, si ruhusa ya kumwambia mwenye saratani kwamba majani yatamponya.

Lakini kwa mtu aliyelima maisha yake yote, bustani huingia katika mazungumzo ya ugonjwa ikiwa imeitwa au haijaitwa. Mgonjwa hasemi anaogopa kufa. Huuliza nani atamwagilia. Mtumishi wa tiba shufaa anayelisikia swali hilo kama porojo za kupitisha muda amepitwa na jambo. Lijibiwe kwa uzito uleule unaopewa swali la maumivu. Mjukuu aitwe, akae kando ya kitanda na picha za bustani kwenye simu, na mgonjwa ataje: huu niliupata kwa fulani, huu usiugawe mpaka ufikie miaka mitano, huu hauna jina ila ulitoka kwa mama. Anayetaja hivyo si mtu anayesubiri tu. Ana kazi mkononi, ni yeye peke yake anayeijua, na walio karibu naye wanaihitaji. Kumbukumbu yake ikiwa imeanza kutetereka, kazi hiyo isicheleweshwe hata wiki.

Nyumba za Waswahili hazina hosta, zina makopo. Barazani na uani kuna mchaichai, mshubiri, mrehani na maua yaliyoombwa kwa shoga wa mtaa wa pili, na bibi mwenye makopo hayo anajua lipi ni la chai, lipi ni la kupaka, na lipi mtoto asiliguse kabisa. Siku anapozikwa, makopo hugawanywa kama sufuria. Kipande cha mche huenda na jirani, elimu ya sumu yake haiendi naye, na baada ya miezi michache kuna mtoto anayetapika kituo cha afya huku mama yake akishindwa kumwambia mganga wa zamu jina la jani alilotafuna.

Vifaa vinavyohitajika ni rahisi. Kipande cha chupa ya plastiki kilichokatwa kwa mkasi kinatosha kuwa kibandiko, kikichomekwa ndani ya kopo mpaka karibu kizame ili watoto wasikichomoe. Kalamu ya wino haifai, kwa kuwa jua huufuta wino ndani ya msimu mmoja. Penseli hudumu kwa miaka, juani na mvuani, na bibi aliyechoka asiyeweza kuandika anaweza kutaja huku mwingine akiandika.