Tumeshinda, Wamefungwa: Nani Awajibike Katika Klabu Zetu?

Msikilize shabiki wa kandanda atokapo uwanjani. Timu yake ikiibuka na ushindi, atakuambia kwa kifua mbele: "Tumewafunga mawili!" Ikilala, nafsi hubadilika papo hapo: "Wamefungwa tena hawa." Kiambishi tu- kimeng'oka, wa- kimekaa mahali pake. Mwanafunzi wa mofolojia ataona hapa suala dogo la upatanisho. Mimi naona maelezo kamili ya maradhi ya klabu zetu: siku ya heri timu ina wenyewe elfu, siku ya shari imebaki yatima.

Lugha yetu ilikwisha kulitazama jambo hili kwa makini kutushinda. Kutokana na neno moja lenye asili ya Kiarabu, wajibu, tumepata kuwajibika, yaani mtu kujitwika lililo lake. Kuwajibisha, kumtwika mwingine. Na kuwajibishana, ambapo kila upande una haki ya kuuliza na deni la kujibu. Kandanda ya Kenya imebobea katika neno la pili pekee. Kocha hutimuliwa. Mlinda lango hutukanwa hadi kizazi chake cha tatu. Mchezaji hutozwa faini ikatwe katika mshahara ambao, ajabu ya Musa, bado hajalipwa.

Hatukosi historia ya kujivunia. Mnamo 1979 Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikacharazwa na Canon Yaoundé ya Kameruni jumla ya mabao 8 kwa nunge. Baada ya miaka 8 klabu hiyo hiyo, Austin Oduor akiwa nahodha, ilitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1-1 jijini Nairobi, na kombe likaja nyumbani kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Sidai kwamba kikosi cha 1987 kilikuwa cha malaika. Lakini aliyetoka katika aibu ya 1979 na kurudi tena kileleni hakuwa mtu mmoja, ilikuwa klabu. Klabu hiyo baadaye ilikaa kutoka 1995 hadi 2013 bila taji la ligi. Watani wao AFC Leopards, waliozaliwa 1964, walitwaa ligi mwaka 1998, na miaka mingi ya ukame ikafuata.

Fedha ndizo hutajwa kwanza, na si kwa uongo. Kampuni ya kamari ya SportPesa ilipositisha shughuli zake nchini mwaka 2019, klabu zote mbili zilitikisika. Malimbikizo ya mishahara yakawa wimbo wa kila juma, na kufikia 2021 FIFA ilikuwa imezizuia kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni. Lakini hebu tuulize: klabu hizi ni za nani? Tusker ina kiwanda cha bia nyuma yake, na mkuu wake anajulikana. Gor na Leopards ni za jamii. Viongozi wake huchaguliwa na wanachama, na waliosajiliwa rasmi ni wachache mno wakilinganishwa na umati unaoimba uwanjani siku ya debi ya Mashemeji. Yule shabiki wa "tumewafunga" aghalabu hana kadi, halipi ada, hajapata kuhudhuria mkutano wa mwaka. Hana pa kuulizia hesabu, kwa hivyo humwuliza beki.

Je, beki aachwe? La hasha. Mwaka 2019 FIFA ilimfungia kwa miaka 10 beki wa zamani wa Harambee Stars kwa kushiriki njama za kupanga matokeo. Februari 2020 ikawaadhibu wachezaji wengine 4 waliohusishwa na njama kama hizo katika Ligi Kuu ya Kenya: mmoja maisha, na watatu miaka 4 kila mmoja. (Tazama namna kauli moja ya kitenzi inavyotenganisha hatima mbili: anayefungwa leo aweza kushinda kesho, anayefungiwa amekwisha.) Wapo wanaowatetea kwa methali kwamba mwenye njaa hana miiko. Methali hiyo siikubali hapa. Mechi inapouzwa, anayeuzwa kwanza si mwenyekiti aliyekalia mishahara, bali mwenzake aliyekimbia dakika 90 bila kujua kwamba jasho lake lina bei, naye ana njaa ile ile. Deni la klabu hueleza uovu huo, halimtakasi aliyeutenda.

Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mmoja wa wenyeji wa michuano ya CHAN, Rais aliwaahidi wachezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kila ushindi. Vijana hao wa ligi ya nyumbani waliilaza Moroko 1-0, wakaongoza kundi lao, kisha wakatolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Wengi tulishangilia, na ilikuwa haki. Hata hivyo, zawadi na mshahara si kitu kimoja. Mshahara hudaiwa, zawadi hushukuriwa. Mchezaji aliyezoeshwa kushukuru mfadhili kwa kile alichostahili kudai hawezi kuwajibishana na mtu yeyote. Hupiga magoti, au huasi.

Ndiyo maana naona kwamba mambo yaanzie katika kandarasi. Nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na kijana wa miaka 19 kutoka Mathare au Kakamega hutia saini kwa kuangalia tarakimu moja tu. Hajui klabu ikichelewa kumlipa ana njia gani. Hajui pia amejifunga kwa mwenendo upi, hata siku ya kuadhibiwa aonapo adhabu kama husuda. Chama cha kutetea wanakandanda, KEFWA, kipo, lakini hakiwezi kumsomea kila mtu kila kifungu.

Katiba ya 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Idara zetu zinafundisha tafsiri, na wanafunzi wake hutafsiri, mwaka baada ya mwaka, matini ambayo hakuna atakayeisoma isipokuwa mtahini. Mbona chama chetu kisiziandikie klabu mbili au tatu, pamoja na KEFWA, kuomba nakala tupu ya kandarasi, tuitafsiri, mhadhiri wa sheria aikague, kisha irudi kwa wachezaji kabla ya dirisha lijalo la usajili? Ni kazi ya majuma machache kwa darasa la mwaka wa tatu.