Kula Kidogo Si Dawa ya Kila Mzee

Siku hizi maneno yameenea kwamba mtu akila kidogo ataishi miaka mingi. Maneno hayo si uwongo mtupu, lakini yakimfikia asiyehusika yanaweza kumdhuru.

Siku moja tuliwapokea watu wawili katika zahanati. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa alizeti, umri wake yapata miaka 50, tumbo limemtangulia na shinikizo la damu liko juu. Mnadani hula nyama na soda, na nyumbani mboga huogelea katika mafuta. Hapa kwetu Singida mafuta ya alizeti hayapimwi, yanamiminwa tu. Kumbe kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120! Kalori ni kipimo cha nguvu tunayoipata katika chakula, na nguvu isiyotumika hugeuka unene. Huyu nilimwambia apunguze, aanze na mafuta na soda, wala asiache kunde na mboga za majani.

Wa pili alikuwa bibi aliyepita miaka 70, amekonda, kanga imemzunguka mara mbili. Nilimwuliza anakula nini. Akajibu, "Mjukuu wangu, nakula mara moja kwa siku. Nasikia ndiyo afya ya uzeeni."

Nilisikitika sana. Ni kweli kwamba huko Marekani wataalamu walijaribu jambo hili, wakatoa matokeo mwaka 2015. Watu wasiozidi miaka 50 walipunguza chakula kwa asilimia 12 hivi, kwa miaka 2, na shinikizo lao la damu likashuka. Lakini hata mifupa yao ilipungua uzito kidogo, ingawa walipewa vidonge vya vitamini na kupimwa mara kwa mara. Bibi yetu apunguze nini? Mwili wa mzee hupoteza misuli wenyewe. Ukinyimwa chakula hupoteza zaidi, na mzee akianguka huvunjika nyonga.

Nilimshauri ale mara tatu, japo kidogo kidogo, na kwenye ugali na mlenda aongeze kunde, maziwa au yai. Mwanawe aliyemleta akacheka. Alisema mayai ni ya kuuza.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Kuku wa Singida wanasifiwa mpaka Dar es Salaam, wanapakiwa kwa matenga, na mama aliyewafuga anabaki na mlenda mtupu. Mwaka 1975 taifa zima lilikaa katika vikundi kusikiliza redioni kampeni ya Chakula ni Uhai. Baadhi ya wanafunzi wa vikundi vile ndio wazee wetu wa leo. Je, tuwaachie yai moja lisiende sokoni, au hata hilo ni hasara?

Na wewe mnene unayetaka kupunguza, kama unatumia dawa za kisukari, njoo kwanza zahanati. Ukipunguza chakula bila dawa kurekebishwa, sukari inaweza kushuka ghafla ukazimia.