Tusiifanye Kigoma njia ya kupita tu

MARA ya kwanza nilipofika Kigoma sikuiona. Ilikuwa mwaka 2008, usiku, nikiwa ndani ya treni iliyotutoa makazi ya wakimbizi ya Katumba kuturudisha nyumbani Burundi. Tulishuka gizani, tukahesabiwa, tukapangwa mstari na magodoro yetu na masufuria yetu, kisha tukapakiwa kwenye magari ya kuelekea mpakani Manyovu. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Ziwa liko pale." Nikageuza shingo. Nilipata harufu ya samaki, basi.

Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Shuleni Katumba nilifundishwa, na baadaye mimi mwenyewe nikawafundisha watoto wa wenzangu, kwamba Ziwa Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko maziwa yote ya Afrika, mita 1,470. Nililipata swali hilo kwenye mtihani wa darasa la sita. Lakini mtoto wa mkimbizi hakuwa na njia ya kwenda kulitazama. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha mkuu wa makazi, na hakuna aliyethubutu kuomba kibali akisema anakwenda kutazama maji.

Miaka 15 baadaye, Agosti 2023, nilirudi. Safari hii nilikwenda kwa nauli yangu mwenyewe, pasipoti mkononi. Ofisa wa uhamiaji aliponiuliza madhumuni ya safari nikamjibu: matembezi. Akainua macho. "Matembezi Kigoma, mwalimu?" Sikumlaumu. Warundi wengi wanaovuka pale husema biashara, matibabu au kusalimia ndugu.

Na hiyo ndiyo hoja yangu leo, ndugu msomaji. Sisi watu wa nchi hii tunaijua Kigoma kama soko, kama bandari ya mizigo yetu, na wengi wetu tunaijua kama njia ya kukimbilia na njia ya kurejea. Hatuijui kama mahali pa kwenda kupumzika. Mwenye fedha akipata likizo anawaza Dubai. Sina ugomvi na Dubai. Lakini inakuwaje mtu amekwisha kupanda lifti ya jengo refu kuliko yote duniani, wakati hajawahi kukanyaga Ujiji ambako babu yake alikuwa akipeleka mawese?

Kwa anayetoka Bujumbura, safari yenyewe ni sehemu ya matembezi. Kilometa chache kusini mwa jiji, pale Mugere, lipo jiwe lililoandikwa majina ya Livingstone na Stanley. Wanafunzi wangu wengi huamini kwamba wazungu hao walikutana hapo. Siyo kweli. Walikutana Ujiji mwaka 1871, kisha wakapanda mtumbwi kuja kaskazini kuchunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Kwa hiyo ukipita Mugere kwanza unaisoma hadithi kuanzia mwisho wake. Haidhuru.

Baada ya hapo barabara inafuata ziwa hadi Rumonge, kwenye michikichi. Nunua ndizi hapo, maana mbele ni Nyanza-Lac, halafu unaanza kupanda milima ya Mabanda hadi Mugina. Wakati ule petroli ilikuwa adimu kwetu na usafiri ulikuwa wa kubahatisha, hivyo niliondoka alfajiri. Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na ukishavuka, sogeza saa yako mbele kwa saa moja. Mimi nilisahau, na kosa hilo nitalieleza punde.

Upande wa Tanzania barabara ni ya lami, inateremka kupitia Kalinzi kwenye mashamba ya kahawa. Utasikia Kiha, na kama unajua Kirundi utajikuta unacheka peke yako ndani ya basi, kwa sababu unaelewa karibu kila neno ila linasemwa kama mtu anayekutania.

Sikwenda kutembea peke yangu. Nilipanga kukutana na dada yangu mkubwa. Mwaka 2008 wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa kwenye makazi waliulizwa wachague: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Mimi nilichagua kurudi. Dada alichagua kubaki, akawa miongoni mwa watu wapatao 162,000 ambao maombi yao yalikubaliwa mwaka 2010. Tuliachana vibaya. Yeye aliniambia narudi kwenye nchi nisiyoijua, mimi nikamwambia analikana kaburi la babu. Tulikuwa tukizungumza kwa simu, lakini kuonana hatukuwa tumeonana kwa miaka yote hiyo.

Alikuja kwa basi kutoka Mpanda kupitia Uvinza, na akaniletea mfuko wa chumvi ya huko. Tulipanga kukutana saa tisa alasiri kituo cha mabasi. Nilifika nikijiona nimewahi, kumbe kwake ilikuwa saa kumi kasoro. "Hata saa zetu haziafikiani tena," akasema. Kisha akanikumbatia kwa muda mrefu, na makondakta wakaanza kutuuliza tunakwenda wapi.

Sasa nieleze ya kuona. Ujiji ni karibu sana na Kigoma mjini, daladala zipo wakati wote. Pale penye mnara wa Livingstone kuna makumbusho na miembe inayosemekana ni mbegu ya ule mwembe wa zamani. Usiishie kwenye hadithi ya wazungu wawili kuvuliana kofia. Muulize mwenyeji kuhusu njia ya misafara iliyokuwa ikitoka hapo kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilometa 1,000, watu wakiwa wamefungwa na kubebeshwa pembe za ndovu. Wengi wa watu hao walitoka ng'ambo ya ziwa na pande zetu hizi. Mimi na dada tulikaa chini ya mwembe bila kuzungumza. Watu waliopitishwa kwenye nchi ya wenzao wakiwa mizigo hatukuhitaji kuelezwa sana.

Mjini penyewe angalia stesheni ya reli. Wajerumani waliifikisha reli hiyo ziwani mwaka 1914, na jengo lao bado linavutia. Nilisimama kwenye jukwaa lile mchana kweupe nikajaribu kukumbuka tulisimama wapi usiku ule. Sikuweza. Dada aliniambia niache kupima sakafu kwa macho, watu wananishangaa.

Jioni kaa mahali penye mwinuko utazame ziwa. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa zao, na ukitazama kwa mbali utadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji.

Kisha nenda Gombe. Boti za abiria zinaondokea Kibirizi, nje kidogo ya mji, zinakwenda mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo jiandae kulala huko au mkodi boti yenu wenyewe mkiwa kundi. Ulizia siku moja kabla, usitegemee kufika na kupanda. Hifadhi ni ndogo, haifiki kilometa za mraba 60, na ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Ndiko Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, alikofika mwaka 1960 akiwa binti na kumwona sokwe akichokoa mchwa kwa kijiti, jambo lililowafanya wasomi waanze upya kujadili tofauti ya mtu na mnyama. Vaa viatu vya kupandia mlima, kwa sababu sokwe hawangojei wageni barabarani. Kama una mafua, usiende. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu na yanawaua.

Dada hakutaka kwenda. Alisema hajaacha mahindi yake Katumba ili aje kulipia nyani. Nilimlipia. Hapo langoni ndipo lilipotokea jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko sokwe. Yeye alitoa kitambulisho chake cha Taifa cha Tanzania, mimi nikatoa pasipoti ya Burundi. Nilikuwa nimeandaa moyo kusikia bei ya dola. Karani akasema kiingilio ni kilekile kwa wote wawili, kwa shilingi, kwa kuwa raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kama Watanzania. Burundi imo katika Jumuiya tangu mwaka 2007. Nilikuwa nikilifundisha hilo darasani kila mwaka, lakini sikuwahi kulishika mkononi. Yule karani akatutazama sura zetu, akauliza, "Nyie si mtu na dada yake?" Dada akajibu haraka kabla yangu, "Ndiyo, huyu ni mdogo wangu." Basi nenda na pasipoti au kitambulisho, msomaji. Bila hicho utakosa bei hiyo.

Nije kwenye soko, maana najua kina mama wanaosoma ukurasa huu wanasubiri hapo. Soko la Mwanga lina vitenge vizuri, vingi vikipitia Kongo na kwetu, kwa hiyo kabla ya kununua uliza bei ya Bujumbura kwa simu usije ukabeba ulichokiacha nyumbani. Kwa urembo, mimi nakushauri vitu viwili. Cha kwanza ni mafuta ya mise, yanayotolewa kwenye kokwa la mchikichi. Ni meusi meusi, yana harufu kali, na nywele zangu hazijapata mafuta bora zaidi. Wenyeji huwapaka hata watoto wachanga. Cha pili ni gwanji, sabuni ya mawese. Chagua iliyokauka vizuri, ile mbichi inachoma ngozi kwa sababu ya magadi.

Tulikuwa tumekwisha kununua hivyo dada alipotoa karatasi mkobani. Ilikuwa orodha ya binti yake aliyekuwa anakaribia kuolewa. Cha kwanza kilikuwa krimu ya kung'arisha uso.

Hapa sina budi kusema mambo yangu. Niliporudi mwaka 2008 walimu wenzangu shuleni waliniita "Mtanzania". Kirundi changu kilikuwa na lafudhi, Kifaransa sikukijua kabisa. Lafudhi sikuweza kuibadilisha haraka, nikaona nibadilishe ngozi, nifanane na wanawake wa mjini. Mama mmoja sokoni aliniuzia mkorogo kwenye kikopo kisicho na karatasi. Miezi mitatu nilisifiwa. Mwezi wa sita ngozi ilikuwa nyembamba kiasi kwamba siwezi kusimama juani kuimba wimbo wa Taifa na wanafunzi. Vifundo vya vidole vilibaki vyeusi, uso mwekundu, kisha mashavuni yakatoka mabaka ambayo moja halijatoka hadi leo. Daktari aliniambia ndani ya kikopo kile kulikuwa na dawa ambazo mgonjwa hupewa kwa kupimiwa.

Nikamwonyesha dada lile baka. Akalitazama karibu, akaligusa kwa kidole. Halafu akasema, "Na wewe ulipokuwa unajipaka, nani alikuzuia?" Nikasema hakuna. Akasema na huyo mtoto naye hatazuilika, na yeye hawezi kurudi safari ya mbali mikono mitupu.

Alinunua moja. Ni mkubwa wangu, nilinyamaza. Lakini nilimwomba anipe nisome karatasi yake kwanza, na wewe nakuomba ufanye hivyo. Ukiona neno "hydroquinone", au "clobetasol", au "betamethasone", rudisha. Ukiona "mercury" au "calomel", rudisha haraka zaidi, hiyo ni zebaki na inaharibu figo. Kama hakuna maandishi yoyote, usiulize hata bei. Krimu za namna hiyo zimepigwa marufuku Tanzania kwa miaka mingi, na bado zinavuka ziwa kwa mitumbwi, zikiuzwa chini ya meza na watu wale wale wanaokuuzia kitenge halali. Ya dada ilikuwa na hydroquinone. Nilimsomea kwa sauti. Muuzaji akakubali kubadilisha kwa chupa mbili za mise, labda kwa kuwa watu walianza kusogea kusikiliza. Dada hakufurahi. Alisema mwalimu hata sokoni ni mwalimu.

Usiku wa mwisho tulikaa nje ya nyumba ya wageni tukila migebuka, taa za wavuvi zikiwaka mbele yetu. Tulikuwa hatujagusa yale maneno ya mwaka 2008, na hatukuyagusa. Dada aliosha mikono, akajipaka mise kidogo kwenye viwiko, akaniuliza lile ziwa kina chake ni kiasi gani. Nikamwambia mita 1,470.

"Swali hilo mimi nililikosa," akasema.