Majonzi yafichwayo hugeuka madubwana

Wapo wazee hapa Mji wa Kale wanaoiona michezo ya video ya kutisha kuwa upotovu mtupu: vijana kukesha mbele ya kioo wakikimbizwa na madubwana. Sikubaliani nao moja kwa moja. Ipo michezo ambayo kitishacho humo si jini wala zimwi, bali ni msiba usiosemwa.

Tuchukue mfano wa Silent Hill 2, uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 2001. James Sunderland anapata barua ya mkewe, ambaye ni marehemu, ikimwita katika mji uliogubikwa na ukungu. Humo anaandamwa na viumbe vya kuogofya. Mwishowe tunang'amua kwamba vimezuka nafsini mwake: ndiye aliyemuua mkewe akiwa mgonjwa, kisha akajificha ukweli huo.

Mchezo huo ni wa watu wazima, na simshauri mzazi kumpa mtoto mdogo. Hata hivyo, funzo lake lawahusu walimu wetu. James hakuwa na mtu wa kumkalia matanga. Wahenga wetu wa pwani walilijua jambo hili. Ndiyo maana wakaweka matanga, hitima na eda, ili mfiwa apate muda, na apate watu wa kumsikiliza.

Je, shuleni hali ikoje? Mwanafunzi huzika mzazi wake, akirudi darasani huambiwa avumilie na anakili masomo yaliyompita. Basi! Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, watu 272 wakafa. Msiba huo tukiutaja, twautaja kwa hesabu tu, ilhali wapo waliopoteza mama, baba na ndugu, na wanaendelea kuvuka maji hayo hayo wakiwa kimya.

Rai yangu kwa walimu ni hii: msiikemee michezo hiyo kabla ya kuuliza vijana wanaona nini ndani yake. Wapeni insha waandike juu ya waliowapoteza, na atakayetaka kusema asikilizwe. Nanyi wanafunzi, kioo hakiwezi kuwapa pole, mwendeeni mtu. Kwani mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha majonzi hali yake si tofauti.