Hesabu ya Likoni isiyohesabu siku mbaya

Kila mradi wa usafiri unaoletwa Mombasa hujitetea kwa dakika: safari itapungua dakika kadhaa, basi ujengwe. Hesabu hiyo inanikera, kwa maana inaacha nje jambo linalomtesa zaidi mkaazi wa bara. Kivuko cha Likoni, kiunganishacho kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini, huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na mambo yakienda sawa, mkondo wenyewe huvukwa kwa dakika chache. Taabu ni kuwa hakuna ajuaye kama leo yatakwenda sawa. Feri moja ikipelekwa matengenezo, nyingine ikizima injini, au meli ikiingia bandari ya Kilindini na feri zikalazimika kuipisha, umati hufurika hadi barabarani. Kibarua wa bandarini akichelewa, nafasi yake huchukuliwa na mwingine. Kwa hiyo hapangi safari kwa wastani, anaipanga kwa kuihofia siku mbaya. Usingizi anaoukatiza kila alfajiri ni gharama, hata siku ambayo feri haikuchelewa, na wastani hauionyeshi.

Wapo wanaosema uhakika wa safari haupimiki. Unapimika. Andika muda wa kuvuka kila siku kwa miezi, kisha utazame pengo kati ya siku ya kawaida na siku mbaya. Huo ndio muda ambao watu hulazimika kuuweka akiba. Uholanzi na New Zealand huutia thamani ya fedha zinapotathmini miradi yao. Wengine watasema barabara ya Dongo Kundu imekwisha kutuokoa. Imeyafaa magari yaendayo Kwale bila kupita kisiwani, lakini haimfai anayevuka kwa miguu kwenda kazini mjini. Daraja linaloelea la Liwatoni, lililofunguliwa 2021, lilimlenga huyo, lakini nalo liliundwa lifunguke kupisha meli, kwa hiyo halikumwondolea kungoja kusikotabirika.

Pingamizi la mwisho ni fedha, na hapo ndipo hesabu ninayoidai ina faida kubwa. Feri ya akiba na ghala lenye vipuri hazipunguzi sana wastani wa safari, ndiyo maana huonekana hazina tija. Lakini hupunguza siku mbaya, na siku hizo ndizo zinazomfukuzisha mtu kazi. Daraja la kudumu linalopangwa kwa mkopo wa Japani nalo lipimwe hivyo hivyo, na vilevile kila mradi wa usafiri wa Kisauni na Changamwe, maeneo mengine ya Mombasa. Wabunge na wawakilishi wetu wasipitishe tathmini yoyote ya usafiri kabla ya kuuliza: siku mbaya zitapungua kwa kiasi gani?