Sauti Isiyo na Mwenyewe: Hoja Kuhusu Albamu ya Kwanza ya Cynic

Imepata kudaiwa mara nyingi kwamba maneno katika muziki wa dethi metali si maneno bali ni ngurumo tu, na kwamba mwanaisimu hana cha kutafuta humo. Dai hili halina mashiko. Albamu moja yatosha kulipinga: Focus, kazi ya kwanza ya bendi ya Cynic ya Miami, iliyorekodiwa katika studio ya Morrisound mjini Tampa, Florida, na kutolewa mwaka 1993.

Ufundi wa wanamuziki hao hauna mjadala. Paul Masvidal na Sean Reinert walikwisha kupiga katika albamu ya Human ya bendi ya Death (1991), na besi ya Sean Malone imesifiwa vya kutosha. Kilichoachwa kando ni kwamba katika nyimbo zake nane, ukiondoa "Textures" usio na maneno, zimo sauti za binadamu zilizopotoshwa kwa njia mbili zinazokabiliana.

Ikumbukwe kwamba neno "sauti" limebebeshwa mzigo mkubwa mno katika Kiswahili: lataja kelele ya gari, kitamkwa cha lugha, na mlio utokao kooni. Kwa mjadala huu, sharti vitenganishwe chanzo cha mlio, yaani nyuzi sauti, na chujio lake, yaani mkondo wa koo la juu, kinywa na pua, kama alivyofafanua Gunnar Fant mwaka 1960.

Mwimbaji anayenguruma, kama Tony Teegarden katika albamu hii, huvuruga chanzo. Mikunjo iliyo juu ya nyuzi sauti, ambayo katika usemi wa kawaida hutulia, hulazimishwa kutikisika; mitikisiko hukosa mpangilio, kidatu hakisikiki, na kiimbo hufa pamoja nacho. Irabu nazo hukaribiana. Hata hivyo konsonanti, hasa vipasuo na vikwamizwa, husalimika pamoja na mpangilio wa silabi. Ndiyo maana msikilizaji mzoefu hupata maneno pale ambapo mgeni husikia radi.

Masvidal, kwa upande wake, alipitisha sauti yake katika vokoda, mtambo uliotokana na utafiti wa Homer Dudley katika maabara ya Bell nchini Marekani, miaka ya 1930. Vokoda haivurugi chanzo, hukiondoa. Hupima umbo ambalo kinywa huupa mlio, kisha huuvika umbo hilo mlio mwingine uliotengenezwa kwa umeme. Irabu hubaki wazi, lakini kiimbo kinachosikika si cha msemaji tena.

Hapa ndipo walipokosea mashabiki walioiona vokoda kuwa pambo la kulainisha muziki mkali. Sauti zote mbili zimepoteza kitu kile kile: alama za mtu anayesema. Kwa albamu inayofunguliwa na wimbo uitwao "Veil of Maya", jina linaloashiria dhana ya Kihindu ya udanganyifu unaoficha uhalisi, hilo si jambo la bahati nasibu. Nafsi inayotiliwa shaka imekwisha kuondolewa katika mlio wenyewe kabla neno halijaeleweka.

Lawama ipo pia. Mgawanyo wa kazi ni mwepesi mno: aghalabu ngurumo hupewa ukali, vokoda hupewa tafakuri. Zingebadilishana mara mbili tatu, hoja ya albamu ingekuwa na nguvu zaidi.

Mwanafunzi wa uzamili anayenakili maneno ya kijitabu cha albamu na kuyachambua kama shairi lililochapwa, huwa amechambua karatasi. (Kosa hilo si geni kwa wachambuzi wa taarabu.) Kinachotakiwa ni unukuzi wa kifonetiki utakaoonyesha, silabi kwa silabi, irabu zipi zimesalimika katika ngurumo na zipi zimemezwa, na kuzilinganisha na zile za vokoda katika wimbo huo huo. Reinert na Malone walifariki wote wawili mwaka 2020. Rekodi ipo, na spektrografu haikosekani.